BIBI WA ABEOKUTA NA MLANGO WA CHAMA

Mara nyingi husemwa kwamba wanawake hawapati uongozi kwa sababu ni waoga, au hawakusoma, au hawana wafuasi. Yafaa basi tuyatazame maisha ya Bibi Funmilayo Ransome-Kuti wa Nigeria, ambaye hakukosa hata moja katika hayo matatu.

Alizaliwa Abeokuta, katika nchi ya Wayoruba, tarehe 25 Oktoba 1900. Alisoma katika shule ya sekondari ya mji huo, akiwa miongoni mwa wasichana wa kwanza kupokewa humo, kisha akaenda Uingereza. Aliporudi mwaka 1922 aliliacha jina lake la Kizungu, akawa mwalimu. Chama alichokianzisha kwanza kilikuwa cha mabibi waliosoma. Lakini aliposikia kwamba wanawake wa sokoni wananyang'anywa mchele wao na watu wa serikali, alikifungua chama kwa wote, akawafundisha kusoma. Mwaka 1946 kikaitwa Umoja wa Wanawake wa Abeokuta.

Neno lao kubwa lilikuwa kodi. Wanawake wa Abeokuta walitozwa kodi kwa nafsi zao, hata wasichana wa miaka 15, na hali katika utawala wa Alake, mfalme wao aliyetegemezwa na Waingereza, hapakuwa na mwanamke hata mmoja wa kuwasemea. Mwishoni mwa mwaka 1947 maelfu yao waliyazunguka makao ya mfalme, wakakesha nje. Waliponyimwa ruhusa ya kuandamana, walisema wanakwenda matembezini tu, wakaandamana. Januari 1949 Alake alijiuzulu, kodi ya wanawake ikafutwa, na wanawake wakapewa viti katika baraza.

Chama cha NCNC, kilichopigania uhuru wa Nigeria, kiliijua vema thamani yake. Mwaka 1947 kilipotuma wajumbe London kudai haki za nchi, yeye alikuwa mwanamke peke yake kati yao. Lakini ulipofika uchaguzi wa mwaka 1959, ule wa mwisho kabla ya uhuru, chama hicho hicho kilikataa kumteua. Akasimama peke yake, akashindwa, kisha akafukuzwa chamani. Huko Kaskazini mwa nchi, wanawake walikuwa hawajapewa hata kura. Waliipata mwaka 1976.

Februari 1977 askari walivamia nyumba ya mwanawe, mwanamuziki Fela Kuti, wakamtupa mama huyo dirishani. Alifariki tarehe 13 Aprili 1978, akiwa na miaka 77.

Ndugu wanachama, serikali ya kikoloni haikuweza kumnyamazisha bibi huyu, na mfalme alikiacha kiti chake. Aliyemzuia asiingie bungeni ni chama chake mwenyewe, ndani ya chumba cha uteuzi, ambamo watu wachache huketi na kuyapanga majina. Walioipenda sauti yake uwanjani hawakulipenda jina lake katika karatasi ya kura.

Sisi twasema: kizuizi hicho hakihitaji sheria mpya ili kiondolewe. Chahitaji mjumbe mmoja wa kamati aulize, kabla majina hayajafungwa, ni kwa sababu gani jina la mwanamke aliyefanya kazi limewekwa chini ya jina la mwanamume asiyefanya. Na asikubali kuambiwa kwamba wakati bado.