Sala Isihamishwe

Ni rahisi kusali pamoja nyumba ikiwa imetulia. Lakini uhamisho wa kazi, mtoto mpya, ugonjwa au msiba ukiingia, mara nyingi sala ndiyo huachwa kwanza. Tumtazame Louis Martin, baba yake Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yesu, ambaye maisha yalimgeukia mara nyingi.

Louis alizaliwa Bordeaux, Ufaransa, mwaka 1823. Akiwa kijana aliomba kuwa mtawa, akakataliwa kwa kuwa hakujua Kilatini. Hakumwacha Mungu kwa sababu hiyo. Alikuwa fundi wa saa, akafungua duka mjini Alençon, naye akalifunga kila Jumapili ingawa ilikuwa siku nzuri ya biashara.

Tarehe 13 Julai 1858 alifunga ndoa na Zélie Guérin, aliyefuma lesi, na ambaye pia alikuwa amekataliwa utawani. Walijaliwa watoto tisa. Wanne wakafariki wangali wadogo. Pamoja na malezi, kazi na makaburi hayo, waliamka kwenda Misa ya saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mungu alipewa mwanzo wa siku, si makombo yake. Mwaka 1870, biashara ya Zélie ilipokua, Louis aliuza duka lake ili amsaidie mkewe. Ni waume wangapi wangekubali?

Kisha likaja pigo kubwa. Tarehe 28 Agosti 1877 Zélie alifariki kwa saratani ya matiti. Louis, mwenye miaka 54, aliachiwa mabinti watano; mkubwa miaka 17, mdogo minne. Marafiki zake walikuwa Alençon, lakini alihamia Lisieux ili mabinti wawe karibu na mjomba wao na mkewe. Nyumba ilikuwa ngeni, ila sala ya jioni ilikuwa ile ile. Alasiri alimchukua Tereza wakamtembelee Yesu katika Sakramenti Takatifu.

Kati ya 1882 na 1888 mabinti watatu waliingia utawa wa Wakarmeli, Tereza akiwa na miaka 15 tu. Baba aliwaruhusu, japo kila mmoja aliacha pengo mezani. Baadaye ugonjwa ulimvuruga akili, akalazwa miaka mitatu hospitalini Caen. Alipopata nafuu, aliikimbilia Komunyo Takatifu. Alifariki mwaka 1894. Tarehe 18 Oktoba 2015, Papa Fransisko aliwatangaza yeye na Zélie watakatifu siku moja.

Baba na mama, jioni hii zimeni televisheni mkae wawili tu. Ulizaneni: Ni badiliko gani linakuja nyumbani kwetu? Likifika, tutasali pamoja saa ngapi? Kubalianeni saa hiyo kabla ya kufunga mizigo au kuhesabu karo. Halafu ianzeni usiku huu, hata kama ni Baba Yetu moja tu mkiwa mmeshikana mikono.