Paul Sabatier: mwalimu aliyekataa kuhamia Paris

Vijana wa Kasha wakimaliza masomo ya sekondari wanaulizana: kubaki hapa Bukavu, ao kutafuta njia ya Kinshasa? Paul Sabatier, mkemia Mfaransa, naye alikutana na swali la namna hiyo. Jibu lake lilishangaza wengi.

Alizaliwa tarehe 5 Novemba 1854 huko Carcassonne, mji mdogo wa kusini mwa Ufaransa. Alisoma Paris, akapata udaktari mwaka 1880, halafu akarudi kusini. Mwaka 1884 alikuwa tayari profesa wa kemia huko Toulouse.

Mwaka 1897, yeye pamoja na padri Jean-Baptiste Senderens walipitisha gesi ya etileni na hidrojeni juu ya unga wa nikeli yenye moto. Gesi zikaungana, lakini nikeli ikabaki vile ilikuwa. Kitu cha kazi hiyo kinaitwa katalisti. Ni kama mshenga: anakutanisha pande mbili, ndoa ikifungwa anaenda kutafuta nyingine. Sabatier alisema nikeli inaishika hidrojeni kwa muda mfupi, kisha inaiachilia. Walijaribu pia kobalti na shaba, metali ambazo Katanga inazijua sana, lakini nikeli ndiyo iliwashinda wenzake.

Kisha ikafika zamu ya nitrili. Humo kaboni inashika nitrojeni kwa mikono mitatu. Wakipitisha mvuke wake pamoja na hidrojeni juu ya nikeli, mikono miwili inaachana, na nitrili inageuka amini. Moto ukizidi, nikeli ile ile inaweza kuiondolea amini hidrojeni na kurudisha nitrili. Alphonse Mailhe, mwenzake wa Toulouse, yeye alitengeneza nitrili kwa kupitisha esta na amonia juu ya oksidi za metali.

Mambo hayo hayakubakia ndani ya maabara. Katika miaka ya 1930 nailoni ilivumbuliwa Marekani, na viwanda vikawa vinapata amini yake kwa kutia hidrojeni ndani ya nitrili, kwa msaada wa katalisti za metali. Mvuvi wa Ziwa Kivu akishona wavu wa nailoni, anashika matunda ya njia hiyo.

Mwaka 1907 Paris ikamwita, apewe kiti cha ualimu mkubwa. Akakataa. Kukataa huko kulikuwa na bei, sababu kanuni ya Chuo cha Sayansi cha Ufaransa ilitaka wajumbe wake kamili wakae Paris. Yeye aliendelea kufundisha Toulouse, akasaidia kuanzisha pale shule za kemia, umeme na kilimo.

Mwaka 1912 alipata Tuzo ya Nobel ya kemia pamoja na Victor Grignard. Senderens, aliyesimama naye mbele ya ile nikeli tangu mwanzo, hakupewa kitu, na jambo hilo lilimuuma. Hicho ni kivuli ambacho historia ya Sabatier haiwezi kukificha.

Mwaka 1913 Chuo cha Sayansi kilifungua nafasi kwa wataalamu wanaoishi nje ya Paris. Wa kwanza kuchaguliwa alikuwa Sabatier. Alifariki tarehe 14 Agosti 1941, pale pale Toulouse. Yeye hakuhama, kanuni ndiyo iliyohama.