Karl Terzaghi, profesa wa udongo

Nyumba ikianza kuzama ao ukuta kupasuka, watu wanasema ni udongo mbaya, basi. Karl Terzaghi alitaka kujua sababu yenyewe. Alizaliwa Prague mwaka 1883, akasomea uinjinia wa mashine huko Graz, inchini Austria.

Mwaka 1916 akaenda kufundisha Istanbul. Kisha vita akaingia Robert College, mule mule mjini. Labo ya udongo hakukuwa. Vyombo vingi alijitengenezea yeye mwenyewe. Alikandamiza udongo wa mfinyanzi wenye maji, akapima siku kwa siku. Akaona hivi: uzito wa nyumba, kwanza unabebwa na maji yaliyo ndani ya udongo. Maji yakitoka polepole, chembe za udongo ndizo zinabeba, na nyumba inashuka. Kitabu chake juu ya hayo kilitoka mwaka 1925, na mwaka ule ule akaitwa kufundisha MIT, Marekani.

Mwaka 1929 akapata kiti cha profesa Vienna. Mwenzake wa chuo kile kile, Profesa Paul Fillunger, akamshambulia kwa maandishi mwaka 1936, eti hesabu zake hazina msingi. Tume ya chuo ikampa haki Terzaghi. Machi 1937, Fillunger na mke wake wakajiua. Leo wataalamu wanakubali kwamba Fillunger naye alikuwa ameona mambo ya kweli.

Mwaka 1938 Terzaghi akahamia Harvard, akafundisha mpaka uzee. Alikufa mwaka 1963. Mpaka leo, mbele ya kujenga barraji ao jengo kubwa, mainjinia wanapima kwanza udongo na maji yake.