Padre Antoine Horner na Kazi ya Mikono

Katika kitabu hiki cha jubilei twawakumbuka waliotutangulia. Mmoja wao ni Padre Antoine Horner, ambaye hakupata kuishi chini ya Mlima Meru, lakini matunda ya kazi yake yamefika mpaka kwetu Moshono.

Alizaliwa Ufaransa, katika nchi ya Alsace, mwaka 1827, akaingia Shirika la Roho Mtakatifu. Alitumika kwanza kisiwani Réunion, ambako watumwa walikuwa wamewekwa huru mwaka 1848. Mwaka 1863 akavuka pamoja na wenzake mpaka Unguja, na mwaka 1868 akaanzisha misioni ya Bagamoyo.

Siku zile Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara itokayo bara, na wanadamu waliuzwa kama bidhaa. Padre Horner alikomboa watoto kwa fedha, akawapa makao, akawafundisha sala na kusoma. Tena kila mmoja alifundishwa kazi: huyu uashi, yule useremala, wengine kulima. Pori likafyekwa, minazi ikapandwa. Waliokua wakaoana, wakakaa katika kijiji cha misioni. Mwaka 1872 tufani kubwa ikabomoa majengo na kung'oa miti, wakaanza upya.

Kwa nini jembe liliwekwa karibu na altare? Kwa mtumwa kazi ilikuwa adhabu, maana matunda yake yaliliwa na mwingine. Padre Horner alitaka waione kuwa heshima ya mwana wa Mungu. Lakini haifai tufiche neno hili: kengele ya misioni ilikuwa kali, na waliokombolewa hawakuulizwa kama waitaka. Baadhi yao walitoroka. Basi kazi haiwi ibada kwa kuamriwa tu; yataka mtu awe huru, tena ale jasho lake mwenyewe.

Padre Horner alifariki Ufaransa mwaka 1880. Wenzake wakaendelea, wakafika Kilema, Kilimanjaro, mwaka 1890, wakapanda huko mibuni. Jimbo la Arusha lilipoundwa mwaka 1963, Askofu wake wa kwanza, Dennis Durning, alikuwa wa Shirika lilo hilo.

Ninyi walimu, mkimpa mtoto jembe, mpeni na sababu yake. Nanyi wenye mashamba ya kahawa na migomba, mlipeni kibarua kabla jua halijatua. Hivyo ndivyo tutakavyomheshimu marehemu.