Edsel Ford na Motokaa Isiyo na Madigadi

Ni nani kati yetu asiyelijua jina la Ford? Lakini tulitajapo jina hilo humkumbuka mtu mmoja tu, yaani Mzee Henry Ford wa Marekani, aliyeifanya motokaa kuwa chombo cha watu wa kawaida. Wahenga walisema, avumaye baharini papa, kumbe wengi wapo. Katika toleo hili napenda kuwaeleza maisha ya Edsel, mwana wa mzee huyo, aliyekuwa rais wa kampuni ile kwa miaka 24. Kazi ya mikono yake inaonekana hata leo katika zile motokaa ziitwazo hoti rodi.

Huenda wengine hawajapata kusikia habari za hoti rodi. Ni motokaa ya zamani, au iliyoundwa kwa mfano wa zamani, ambayo imepunguzwa uzito na kutiwa injini yenye nguvu. Nyingi zimeondolewa madigadi, hata magurudumu yote manne yako wazi. Siku hizi si lazima mtu aokote gari bovu ndipo aunde. Anaweza kununua seti ya vipande, bodi mpya na chesi mpya, akaviunga nyumbani kwake mwenyewe. Mfano mmoja unaopendwa mno na mafundi hao ni Ford ya mwaka 1932. Nilipotafuta sababu ya mapenzi hayo, ndipo nilipomkuta Edsel.

Edsel Bryant Ford alizaliwa Detroit tarehe 6 Novemba 1893, naye alikuwa mtoto wa pekee wa Henry na Clara. Wakati huo baba yake alikuwa mhandisi katika kampuni ya umeme, na saa za usiku akijishughulisha na injini katika kibanda nyuma ya nyumba. Usiku mmoja wa Juni 1896 motokaa yake ya kwanza ikawa tayari, lakini mlango wa kibanda ulikuwa mwembamba. Mzee akatwaa shoka, akabomoa matofali, akakitoa chombo chake nje. Kilikuwa na magurudumu manne kama ya baiskeli na kiti kimoja. Hakikuwa na gea ya kurudi nyuma wala madigadi. Edsel alikuwa hajatimiza miaka mitatu. Mwana wa mhunzi asiposana, huvukuta. Naye huyu alikulia penye moto wenyewe.

Alipomaliza shule hakwenda chuo kikuu bali aliingia katika kazi ya baba yake. Mwaka 1915 yeye na rafiki zake walisafiri kwa motokaa kutoka Detroit mpaka San Francisco kuona maonyesho makubwa, na safari hiyo ilikuwa ndefu kwa barabara za siku zile. Mwaka 1916 alimwoa Eleanor Clay, wakajaliwa watoto wanne. Mwaka 1919, akiwa na umri wa miaka 25, akawa rais wa kampuni mahali pa baba yake.

Lakini cheo ni kitu kimoja na mamlaka ni kitu kingine. Mzee Henry alikuwa ameacha kiti tu, hakuacha usukani. Tangu mwaka 1908 alikuwa akitengeneza motokaa ya namna moja, Model T, na kwa miaka zaidi ya kumi, mpaka 1925, zote zilitoka kiwandani kwa rangi nyeusi. Kwake yeye, gari likiwa imara na rahisi basi yatosha. Edsel aliona kwamba watu walikuwa wakianza kutaka pia gari la kupendeza macho, na kwamba kampuni nyingine zilikuwa zikiwanyang'anya wanunuzi. Alisema kwa adabu, na mara nyingi hakusikilizwa.

Mahali alipopata nafasi ni katika kampuni ya Lincoln, ambayo akina Ford waliinunua mwaka 1922. Huko alijifunza kazi ya mafundi wa bodi: jinsi mstari mmoja unavyotoka kwenye rejeta, ukapita mlangoni, ukaishia nyuma bila kukatika. Hatimaye, tarehe 26 Mei 1927, Model T ya milioni 15 ilitoka kiwandani, Edsel akiendesha na baba yake amekaa ubavuni. Ilikuwa sherehe na maziko pamoja, kwa maana utengenezaji wa gari lile ulikuwa unakwisha. Motokaa mpya, Model A, ilionyeshwa Desemba mwaka ule ule. Mzee alisimamia mitambo. Mwana akaachiwa sura.

Sasa tumefika mwaka 1932, nao ndio kiini cha habari yangu. Mzee Henry, akiwa na umri wa karibu miaka 70, alishikilia jambo ambalo wengi waliliona haliwezekani kwa gari la bei nafuu: injini ya silinda 8 zilizopangwa katika safu mbili kwa umbo la herufi V, zikiwa zimesubiwa katika pande moja la chuma. Alifaulu. Injini hiyo ilikuwa na ukubwa wa lita 3.6 na nguvu za farasi 65, na gari la wazi la watu wawili liliuzwa kwa dola 460. Haki ni haki: injini ile ilikuwa ushindi wa mzee.

Lakini sura ilisimamiwa na Edsel. Tazameni picha ya gari lile mtaona. Tangi la petroli, ambalo katika Model A lilikuwa mbele ya dereva, lilihamishwa nyuma. Mbele iliwekwa safu ya vyuma vyembamba vilivyosimama wima. Tena liko jambo moja dogo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Ubavu wa chesi haukufunikwa kwa bati. Uliachwa wazi, ukatiwa mkunjo wa kupendeza unaofuatana na mstari wa bodi. Yaani chesi, ambayo kwa kawaida hufichwa kama nguo ya ndani, ilitengenezwa iwe ya kutazamwa. Hata ukiyaondoa madigadi na vibao vya kukanyagia, gari halionekani uchi. Linaonekana limekamilika.

Edsel mwenyewe alitamani gari jepesi la namna hiyo. Baada ya kutoka Ulaya mwaka 1932 alimwomba fundi wake, E. T. Gregorie, aliyekuwa amejifunza kazi kwa kuchora mashua, amwundie gari la mbio juu ya chesi ya Ford. Baadaye, mwaka 1934, wakaunda la pili: refu, la chini, bodi ya alumini iliyochongoka nyuma kama mashua, injini ya V8, na badala ya madigadi mapana, vifuniko vyembamba tu juu ya magurudumu. Hilo halikuuzwa madukani, lilikuwa lake. Limehifadhiwa katika nyumba aliyoishi huko Grosse Pointe Shores. Nikilitazama katika picha nasema bila shaka yoyote kwamba rais wa kampuni ya Ford alikuwa naye ni mtu wa hoti rodi.

Alipenda uzuri hata nje ya kiwanda. Mwaka 1932 alitoa fedha ili mchoraji wa Mexico, Diego Rivera, achore kazi za viwandani katika kuta za jumba la sanaa la Detroit. Picha zilipokwisha mwaka 1933, watu wengine walikasirika wakataka zifutwe kwa chokaa. Edsel alisimama imara, na picha zipo mpaka leo.

Laiti angaliweza kusimama hivyo mbele ya baba yake! Alitaka breki za mafuta. Mzee akazikataa mpaka magari ya mwaka 1939, wakati washindani walikuwa nazo zamani. Alitaka injini ya silinda 6. Inasimuliwa kwamba mzee alimwita aje kuona mtambo mpya wa kupandishia vyuma chakavu, na kitu cha kwanza kupanda kilikuwa injini ile ile ya Edsel. Mambo ya wafanyakazi yakatiwa mikononi mwa Harry Bennett, mtu wa mabavu, ambaye watu wake waliwapiga viongozi wa chama cha wafanyakazi mbele ya kiwanda mwaka 1937. Edsel alitaka mapatano, lakini mapatano hayakupatikana mpaka 1941.

Hapa wasomaji wengine watauliza kwa nini hakuondoka. Alikuwa na mali na jina. Mimi naona alimheshimu baba yake kupita kiasi ambacho heshima inadai, na wafanyakazi waliopigwa walilipa sehemu ya gharama ya ukimya wake. Yeye naye alilipa. Alishikwa na ugonjwa wa tumbo, nao ukawa saratani, huku vita vikimbana kwa kazi ya kuunda ndege. Alifariki tarehe 26 Mei 1943, akiwa na umri wa miaka 49. Baba yake, mzee wa miaka 79, akarudi kitini, akakaa mpaka 1945 alipopokewa na Henry wa pili, mwana wa Edsel.

Wakati Edsel akiyavumilia hayo, kule California vijana wasiomjua walikuwa wakimaliza kazi yake. Walinunua Ford kuukuu kwa bei ndogo, wakazivua madigadi, bampa na kila kisichohitajika kwa mwendo, wakaenda kushindana katika ziwa kavu la Muroc jangwani. Mwaka 1937 klabu zao ziliungana kuwa chama kimoja. Baada ya vita askari vijana walirudi na ujuzi wa mitambo, na mchezo ukaenea nchi nzima.

Magari ya asili yalipoadimika, viwanda vikaanza kutengeneza bodi za faibaglasi, kisha za chuma, kwa mfano wa 1932. Nimesoma sana jinsi zinavyoungwa. Kwanza chesi huwekwa juu ya vigingi na kupimwa mpaka ilingane sawasawa, kwa maana chesi ikipinda kila kitu kitapinda. Hufuata ekseli, breki, injini na giaboksi. Na mara nyingi, kwa kichekesho cha dunia, injini ni ya Chevrolet! Kisha bodi huwekwa na milango kurekebishwa mpaka nafasi zake zilingane. Fundi mwenye subira huendesha gari kabla ya rangi, halafu hulifungua lote tena, akalipaka na kuliunga mara ya pili.

Ndipo huja swali la madigadi. Ukiyaweka, yanazuia maji na mawe, na katika baadhi ya majimbo ya Marekani sheria huyataka. Tena yanaficha mengi: waya, mabomba, na uchomeleaji mbaya. Ukiyaacha, gari ni jepesi na sura yake ni kali, ila kila bolti iko mbele ya macho ya watu. Kwa tope la masika najua wazazi wangeshauri yawekwe! Mimi nikipewa seti hiyo ningeyaacha, nijilazimishe kufanya kazi safi hata mahali ambapo kwa kawaida hapatazamwi.

Mwaka 1957 kampuni iliita motokaa mpya kwa jina la Edsel. Haikupendwa, na mwaka 1959 utengenezaji wake ulisimamishwa. Kwa hiyo watu wengi walipolisikia jina lake walicheka. Naona si haki. Gari lile liliundwa miaka mingi baada ya kufa kwake, naye hakuligusa. Kumbukumbu yake ya kweli ni ile ya 1932, ambamo nguvu za baba na sura ya mwana vilikutana kwa amani kuliko wenyewe walivyoweza kukutana. Ninyi wazazi mnaosoma gazeti hili, mtoto wenu akiwaonyesha jambo jipya alilolichora, mtazameni kwanza kabla ya kulipeleka kwenye vyuma chakavu.