Mtumwa Aliyeitwa Siti

Asubuhi, ndani ya matatu itokayo Ruiru kwenda Thika, mwalimu na mwanafunzi wake huweza kuketi kiti kimoja na kusikiliza wimbo mmoja. Mwanafunzi hutikisa kichwa kwa raha, mwalimu kwa masikitiko. Aghalabu ni mwalimu huyo huyo ambaye, afikapo darasani, humtaja Siti binti Saad kuwa kielelezo cha tabia njema. Husahau kwamba Siti naye, katika enzi zake, alilaumiwa kwa sababu ya uimbaji.

Alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, yapata mwaka wa 1880, wakati utumwa ulipokuwa bado halali; haukuondolewa na sheria hadi 1897. Babake alikuwa wa asili ya Kinyamwezi, mamake ya Kizigua, na mtoto wao akaitwa Mtumwa. Sisi wanaisimu hupenda kusema kwamba jina ni alama tu. Jina hili halikuwa alama tu. Lilimwonyesha kila amsikiaye mahali binti huyo alipopaswa kukaa. Hakusoma. Alifinyanga vyungu, akavitembeza akivinadi kwa sauti ambayo wanunuzi waliitambua kabla hajafika mlangoni.

Mnamo 1911 hivi alihamia mjini, akafunzwa muziki na Ali Muhsin. Taarabu ya wakati ule ilikuwa ya wakubwa. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyempeleka Mohamed Ibrahim Misri kwenda kujifunza muziki huo, na chama cha Ikhwani Safaa kilichoanzishwa 1905 kilikuwa cha wanaume walioimba kwa Kiarabu. Siti na wenzake, miongoni mwao Subeit Ambar, Buda bin Mwendo na Mbaruk Talsam, waliimba kwa Kiswahili. Kwa ufundi huo Mtumwa akapewa jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima. Waliomhusudu walimsimanga kwa sura na nasaba yake. Yeye alijisitiri kwa buibui, akaimba katika majumba ya matajiri, kisha akarudi Ng'ambo kuwaimbia jirani zake.

Mwaka wa 1928 yeye na kundi lake walisafiri hadi Bombay kurekodi santuri za kampuni ya HMV. Miaka minane tu ilikuwa imepita tangu Mamie Smith, mwanamke Mweusi wa Marekani, arekodi wimbo wa bluzi uliowashangaza wafanyabiashara kwa mauzo yake. Huko nako wazee na wahubiri walilalamika kwamba muziki wa jazi ungewapotosha vijana. Santuri za Siti ziliuzwa kwa maelfu, visiwani na bara, na Kiswahili cha Unguja kikasafiri nazo.

Ziliimba nini? Mapenzi, naam, lakini pia mambo ya mahakamani. Wimbo wake uitwao Kijiti unasimulia kisa cha mwanamume aliyemuua mwanamke mja mzito kisha akatorokea bara, ilhali adhabu iliwaangukia wanawake waliojitokeza kutoa ushahidi. Kuyaimba hayo hadharani, chini ya utawala wa Mwingereza, hakukuwa mchezo. Hata huku kwetu wimbo uliogopwa: Muthirigu, uliowakejeli wamisionari na machifu katika mzozo wa tohara ya wanawake, ulipigwa marufuku mapema mwaka wa 1930.

Siti alifariki Julai 1950. Shaaban Robert, aliyemhoji katika siku zake za mwisho, alimwandikia wasifu ambao walimu wengi wanaujua. Ni kitabu kizuri, ingawa kwa maoni yangu kinajitahidi mno kumtetea. Pengine kilibidi kufanya hivyo, maana mwimbaji wa kike, tena wa ukoo wa watumwa, hangepokelewa shuleni bila kusafishwa kwanza. Matokeo yake ni kwamba tumebaki na subira yake na ukarimu wake, na ukali wa nyimbo zake tumeuacha nje ya mlango wa darasa. Nimeona maswali mengi yanayomtaka mwanafunzi aeleze fadhila za Siti. Bado sijaona lililouliza kwa nini mashahidi wa Kijiti waliadhibiwa.