Albert Cook na Daftari la Mengo

Yanapozungumzwa mambo ya hospitali, aghalabu hutajwa majengo, vitanda na dawa. Ni haki yatajwe, maana hospitali isiyo na dawa ni nyumba tu. Lakini yako mambo mengine mawili ambayo mgeni wa heshima hayaoni siku ya ufunguzi, nayo ndiyo yanayoamua kama mgonjwa atarudi nyumbani au hatarudi: kumbukumbu iliyoandikwa kwa uaminifu, na mkunga aliyefundishwa vema akawekwa karibu na mama. Leo twapenda kuwakumbusha ndugu zetu wa visiwani, pamoja na watumishi wa Serikali waliokabidhiwa dhamana ya afya, maisha ya mtu aliyeyashika mambo hayo mawili katika ukanda wa ziwa hili letu, upande wa kaskazini.

Albert Ruskin Cook alizaliwa London mwaka 1870, akasoma Cambridge na kupata udaktari katika hospitali ya St Bartholomew. Mwaka 1896 alijiunga na msafara wa misheni ya CMS, akatembea kwa miguu kutoka Mombasa hadi Buganda, akafika Februari 1897. Katika msafara huo alikuwamo muuguzi, Katharine Timpson, ambaye walioana mwaka 1900. Mwaka ule ule wa kufika, Cook alianzisha hospitali ya Mengo, na baada ya miaka miwili nduguye, Dakta Howard Cook, akaja kumsaidia. Radi iliiunguza hospitali hiyo mwaka 1902, na kufikia mwaka 1904 lilikuwa limesimama jengo jipya. Mtu mwingine angaliweza kuihesabu hasara ile kuwa ishara ya kufunga mizigo na kurudi kwao. Yeye alikaa Uganda mpaka alipofariki mwaka 1951.

Tangu mwanzo Cook alishika desturi ya kuandika habari za kila mgonjwa aliyelazwa: jina lake, ugonjwa wake, matibabu aliyopewa na hatima yake. Aliyepona aliandikwa, na aliyefariki aliandikwa vile vile. Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Na uhai wa watu ni mali kuliko mali zote. Mwaka 1964 madaktari wa Kampala walichapisha uchunguzi uliotegemea kumbukumbu za Mengo tangu mwaka 1897 hadi 1956, wakaonyesha kuwa saratani haikuwa ugonjwa mgeni Afrika kama wengi walivyodhani. Hata uvimbe wa taya kwa watoto, ambao Dakta Denis Burkitt aliueleza kwa ulimwengu mwaka 1958, ulikwisha kuonekana Mengo miaka mingi kabla yake. Mtu aliyekuwa kaburini aliendelea kuwafundisha walio hai, kwa sababu aliandika.

Wakazi wa visiwani wana sababu nyingine ya kulikumbuka jina hilo. Mwaka 1901 ndugu hao wawili ndio walioutambua ugonjwa wa malale hapo Mengo. Katika miaka iliyofuata maradhi hayo yaliua watu zaidi ya laki mbili katika nchi ya Uganda, na kufikia mwaka 1909 serikali ya kikoloni ilikuwa imewahamisha watu wa visiwa vya Ssese na Buvuma kutoka katika makazi ya babu zao. Huko Ssese pia, mwaka 1906 na 1907, Robert Koch wa Ujerumani aliwatibu wagonjwa kwa dawa iliyoitwa Atoksili, na baadhi yao wakapofuka. Tunalitaja jambo hilo kwa makusudi. Tiba inaweza kudhuru, na hospitali isiyopima madhara ya kazi yake haiwezi kujua ni lini inaponya na ni lini inaumiza.

Jambo la pili ni wakunga. Mwaka 1917, katikati ya Vita Kuu, Cook alianza kuwafundisha Waafrika kazi ya usaidizi wa uganga. Baada ya vita, Bibi Katharine akaongoza shule ya ukunga iliyopewa jina la Lady Coryndon, mke wa gavana. Wasichana wa Uganda walifundishwa kuzalisha, kutunza kitovu cha mtoto, na kutambua mapema hatari inayozidi uwezo wao. Kisha wakapelekwa katika vituo vya vijijini. Mume na mke walitunga kitabu cha ukunga kwa Kiganda, ili elimu hiyo isibaki mateka wa lugha ya kigeni. Walijua kuwa mama mwenye uchungu hawezi kuungoja mji umfuate.

Hata hivyo, hatutaki kumfanya Cook kuwa malaika. Alikuwa mtu wa zama za ukoloni, na aliyaona mengi kwa macho ya zama hizo. Yeye na wenzake waliamini kuwa kaswende ndiyo iliyokuwa ikiwamaliza watoto wa Buganda, wakaihusisha na tabia za watu. Wataalamu wa baadaye wameonyesha kuwa wengi wa wagonjwa wale huenda walikuwa na buba, ugonjwa usioambukizwa kwa zinaa. Familia nyingi zilibeba aibu isiyo yao. Wala usafi katika uzazi haukuletwa na wageni peke yao. Mwaka 1879 daktari Robert Felkin alimshuhudia mpasuaji wa Bunyoro akiosha mikono yake na tumbo la mama kwa pombe ya ndizi kabla ya kumtoa mtoto kwa kisu. Hekima ilikuwapo, kilichokosekana ni kuiandika na kuieneza.

Mambo haya yanatuhusu leo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa kati ya kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai Tanzania, 24 hufariki kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Wengi huponzwa na kuzaliwa njiti, kukosa pumzi wakati wa kuzaliwa, au maambukizo. Maradhi hayo mara nyingi yana dawa nyepesi: mikono safi, mfuko wa kumpulizia mtoto hewa katika dakika ya kwanza, na kifua cha mama chenye joto kwa mtoto njiti. Lakini mfuko uliofungiwa kabatini haumpi mtoto pumzi.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wetu mambo matatu. Kwanza, kila kifo cha mtoto mchanga kiandikwe na kijadiliwe kwa ukweli, ili ijulikane ni hatua gani iliyokosekana, wala si kumtafuta mkunga wa kutolewa kafara. Muuguzi anayeogopa adhabu huandika uongo, na daftari la uongo ni hatari kuliko kukosa daftari. Pili, wakunga wafanye mazoezi ya kumsaidia mtoto kupumua mara kwa mara pale pale kazini, kwani semina ya mara moja husahaulika. Tatu, safari ya mgonjwa ihesabiwe kuwa sehemu ya tiba. Mama wa Matongo anayengoja gari na mama wa Ukara anayengoja boti wanakabiliwa na adui mmoja, naye ni muda.

Wananchi nao wana wajibu wa kuhudhuria kliniki mapema, na wa kuuliza kwa adabu lakini bila woga pale wanapopotewa na mtoto. Swali la mzazi si matusi kwa hospitali. Ni mstari unaostahili kuandikwa katika daftari lake.